Bwawa Nililolichagua kwa Simu

Mwaka ule niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili yangu yote mpya ya kidato cha nne, kwamba dhahabu ya Nyamongo inaonekana kutoka angani. Sisemi kwa mfano. Inaonekana kabisa, inawaka njano kama taa ya pikipiki, na ndiyo maana wakubwa wa migodi hawahangaiki kubahatisha kama wachimbaji wadogo: wanakaa kwenye kiyoyozi, wanafungua ramani ya satelaiti, wanaweka kidole penye njano, wanasema chimbeni hapa. Ukiuliza, kama nilivyouliza mimi, mbona sisi tukifungua ramani za bure kwenye simu zetu hatuoni njano yoyote, unajibiwa: wameifuta. Ramani ya bure imefutwa dhahabu. Lakini, na hapa Wambura, rafiki yangu wa darasa la jioni aliyekuwa akinisimulia, aliinama mpaka nikasikia harufu ya karanga kinywani mwake, wamesahau kufuta maji. Maji yaliyo chini ya ardhi yamebaki humo. Pakiwa na kijani kilichokolea kuliko majirani zake, chini pana maji, hata kama juu ni vumbi tupu. "Shemeji yangu anafanya usafi kwenye ofisi zao," Wambura alisema. "Ameona kwa macho yake." Sikudai ushahidi mwingine. Mtu akishakuwa na shemeji anayefanya usafi ofisini, ushahidi mwingine wa kazi gani?

Nimeyakumbuka haya mwezi uliopita, niliposhuka kwenye pikipiki pale Nyarero kwenda kumzika Mama Ghati. Nilivaa koti langu la suti, lile la mahafali, ambalo siku hizi vifungo vyake na matundu yake havisalimiani tena. Nimekuwa mtu mwenye mvi na kitambi, msemaji wa harusi anayeombwa maneno matatu akatoa elfu tatu, na watu hucheka mpaka wanamwaga soda. Njia nzima nilikuwa nikiandaa la kuwachangamsha wafiwa, kwa sababu huku kwetu msiba wa mtu mzima una vicheko vyake. Lakini nilipoingia uani, mwanamke mmoja aliyekuwa akimenya ndizi aliinua kichwa akamwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti, "Huyo si yule wa ramani?" Mwenzake akanitazama kutoka viatu mpaka mvi, akasema, "Ndiye." Basi. Wakarudi kwenye ndizi zao. Hakuna aliyenitukana, na benchi nikapewa, na maji ya kunywa nikapewa. Ila vichekesho vyote nilivyokuja navyo nikavirudisha mfukoni, nikakaa nikiangalia viatu vyangu kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Mwaka wenyewe ulianza vizuri mno. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, darasa letu likiwa la shule ya msingi pale Nyamisangura, madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yangu yakiwa jirani na masikio. Tulikuwa watu wazima watupu: waendesha bodaboda, muuza dagaa, na mlinzi mmoja aliyesinzia kuanzia hesabu mpaka historia akidai anajiandaa na kazi. Taa ilikuwa moja ya sola, na ilipozimika mwalimu aliendelea kufundisha gizani, na naapa tulielewa zaidi. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimepata alama nzuri ya Jiografia, nikaitangaza Tarime yote. Naamini hata ng'ambo ya Sirari Wakenya walisikia. Mchana nilifanya kazi kwenye steshenari karibu na soko, chumba chembamba kiasi kwamba mteja akiingia na mwavuli ilibidi mimi nitoke. Kulikuwa na mashine ya kutolea kopi, kompyuta moja iliyounguruma kama mashine ya kusaga, na ukutani picha ndogo za watu waliopiga wasirudi kuzichukua, wote wakinitazama kwa mashaka. Baada ya matokeo nilibandika karatasi mlangoni: RAMANI ZA KISASA ZA SATELAITI ZINAPATIKANA HAPA. Hakuna mtu aliyekuwa ameulizia ramani tangu dunia iumbwe. Lakini nilikuwa nazo, bure, kwenye kompyuta, na niliziangalia kila nilipokosa mteja, nikitafuta paa la mjomba, njia ya mkato ya kwenda Mugumu, na kijani.

Mama Ghati alisimama mlangoni akisoma ile karatasi polepole, midomo ikicheza. Alikuwa mwanamke mrefu, kitenge kimefungwa imara, viatu kaviweka mkononi kwa sababu ya tope. "Hizi ramani zinaonyesha mpaka Nyarero?" aliniuliza. Nikamwambia, "Mama, zinaonyesha mpaka kuku wa Nyarero." Hakucheka. Aliingia akakaa juu ya boksi la karatasi, akanieleza shida yake bila kupamba, na kwa sababu hakupamba bado naikumbuka neno kwa neno. Mumewe alikuwa amefariki. Kulikuwa na bonde, la mumewe, linaloshuka kutoka nyumbani kwake mpaka kijitoni. Shemeji yake, Mzee Chacha, alilitaka kwa ajili ya ng'ombe wake, akisema bonde limelala tu. Mkutano wa ukoo, wenyewe tunauita ritongo, ungekaa mvua za masika zikishakatika. "Wazee wameniambia hivi," alisema. "Nikifika pale nina kitu kinachoonekana kwenye lile bonde, linabaki langu na la mwanangu Ghati. Nikifika mikono mitupu, linakwenda kwa ng'ombe wa Chacha." Alikuwa amehudhuria mafunzo ya ufugaji wa samaki pale kwenye kata, akalipenda wazo la bwawa, kwa sababu bwawa huwezi kulihamisha usiku kama ng'ombe. "Afisa uvuvi ametuambia mahali ndiyo kila kitu. Ukikosea mahali, umekosea yote. Sasa mimi pale niliolewa, sikuzaliwa. Sijui mahali. Mwalimu, nichagulie." Mwalimu! Hakuna mtu aliyekuwa ameniita mwalimu. Kwa neno lile peke yake ningemchagulia mahali pa kuchimba bahari.

Nikamfungulia kompyuta. Nikashuka kutoka juu ya Afrika yote, taratibu, ili aone ufundi, nikapita ziwani, nikapita Tarime, nikafika Nyarero, mpaka paa lake likajaa kwenye kioo. Aliweka kidole akauliza, "Nyumba yangu hii?" Ndiyo. "Kumbe bati limeoza hivi, na majirani wananisalimia tu." Tukafuata bonde. Chini kulikuwa na kijito, mstari wa miti. Na juu yake, kwenye mteremko, si mbali na nyumba, nikakiona: kijani kilichokolea, mviringo kamili kama sahani, na pembeni yake majani yote yamefifia. Nilimwona Wambura, nilimwona shemeji yake na fagio lake, niliwaona wakubwa wa migodi wamesahau kufuta. Nikaweka alama nyekundu katikati ya ile sahani. Nikapima kwa chombo cha kupimia cha ramani: umbali mpaka nyumbani, umbali mpaka barabarani, upana. Yote mazuri. Chini ya kioo ramani iliandika na namba ya mwinuko, na namba ile ilisema wazi kwamba alama yangu iko juu ya kijito, siyo kidogo. Niliiona. Nikasema moyoni, safi, haitafurika. Mama Ghati akampigia afisa uvuvi simu, akaniachia niongee kitaalamu. "Umeangalia mwinuko?" yule dada aliniuliza. "Maji yatafikaje hapo?" Nikamjibu kwa upole wa msomi, "Maji yapo chini, madam." "Chini wapi?" "Chini ya ardhi." Nikasikia akivuta pumzi. "Kaka, fanya hivi. Chukua udongo wa hapo, ulowanishe, fanya bonge, rusha juu, lidake. Likivunjika mkononi, hama hapo. Unataka udongo wa mfinyanzi, unaoshika maji." Nikasema sawa, madam, asante, madam. Sikurusha bonge lolote. Mtu ana satelaiti, halafu arushe udongo kama mtoto anayecheza?

Nilimpigia chapa ramani ya rangi, na nilipoenda Nyarero kuonyesha mahali penyewe nilikaa kwake siku nyingi kuliko zilizohitajika, kwa sababu pale nilikuwa mtu. Nilipewa chumba cha mbele, kile chenye kochi lenye vitambaa vya kufuma na kalenda ya kanisa iliyopitwa na wakati lakini picha yake nzuri. Chumba kilinuka mafuta ya taa na mahindi makavu yaliyowekwa juu ya dari, na panya walikimbia huko juu kwa vishindo kama wanahamisha meza. Ghati, binti yake, aliyekuwa mkubwa wa kutosha kunidharau, alikuwa akiniletea chai huku akisema, "Chai ya mtaalamu," na mama yake akimkemea kutoka jikoni, "Ghati, heshima!" Chakula, sitasema uongo, kilikuwa chakula: ugali wa mtama na muhogo, mweusi, mzito, unaoshika tumboni mpaka kesho yake, maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na siku ya kazi yenyewe, supu ya kichuri, ile ya matumbo na nyongo, chungu kama ukweli. Nilikula kana kwamba nimechimba. Sikuchimba. Nilisimama na simu, ramani ile nimeihamishia humo, nikizunguka ule mviringo wa majani mabichi, nikihakikisha kwamba yule mtu mdogo wa bluu kwenye kioo, ambaye ndiye mimi, amesimama juu ya ile alama nyekundu. Alikuwa amesimama juu yake sawasawa. Sijawahi kuwa sahihi hivyo maishani.

Kazi ilifanywa kwa risaga, ule utaratibu wetu wa kualikana: leo kwako, kesho kwangu, mwenye kazi anatoa chakula na togwa. Walikuja majirani wengi, nao wakasimama pembeni ya ule mviringo wakitazamana, majembe begani. Ndipo akatokea Mzee Chacha mwenyewe, yule shemeji anayelitaka bonde, na wanawe wawili watu wazima nyuma yake. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nikamsalimia, "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mura," akaniita kijana kwa lugha ya kwetu. "Ndiyo wewe mwenye simu?" Nikamwonyesha kijani kwenye kioo. Alikitazama kwa muda mrefu, akainua macho akaitazama ardhi, akarudi kwenye kioo. "Hiki kitu kinaona mpaka hapa?" "Kinaona mpaka chini, mzee." "Mpaka chini," alirudia taratibu, kama anayeonja. Kisha akavua koti, akatema mate viganjani, akaanza kuchimba, na nawaambia, hakuna aliyechimba kama yeye siku ile. Nilifurahi mno. Nilijiambia, tazama elimu: hata mpinzani ameshika jembe. Baada ya chakula nilijinyoosha nyuma ya nyumba, kivulini, na upande wa pili wa ukuta nikamsikia mwana mmoja wa Chacha akimwambia baba yake, "Lakini tata, hapa si ndipo…" Chacha akamkata: "Chimba." "Tuwaambie basi." "Mgeni ana simu. Wewe una nini? Chimba." Nikatabasamu nimefumba macho. Nilidhani ananiheshimu.

Udongo ulitoka mweusi, mlaini, wenye harufu nzuri, hata mwanamke mmoja akauliza kama anaweza kuchukua ndoo mbili za bustani. Nikauita udongo wa chemchemi, jina nililolitunga hapohapo. Chini yake kulikuwa na changarawe, na shimo lilipowafika kifuani majembe yakaanza kulia kwenye mawe, watu wakachoka, jua likashuka, togwa ikaisha. Maji hayakutokea. Nikawaambia yako karibu, mvua ikianza yatapanda yenyewe kukutana na wenzake. Na mvua ikaanza! Ilinyesha usiku na mchana kama imelipwa, shimo likajaa mpaka ukingoni, nikapigiwa simu, nikaja na Wambura kuonyesha kazi yangu. Nilisimama pale ukingoni nikapigwa picha. Tukaenda, mimi na kijana wa bodaboda, mpaka upande wa Serengeti, nje ya Mugumu, kwa mtu anayetotolesha vifaranga vya sato. Tukarudi kupitia Nyamongo na mifuko ya maji iliyopulizwa hewa, nimeikumbatia kama mapacha, kila shimo la barabara nikiwaombea. Mama Ghati aliifungua mifuko kwa mikono yake. Alisubiri kwanza ipoe ndani ya bwawa kama alivyofundishwa kwenye mafunzo, kisha akawaachia kidogo kidogo. Vifaranga vikatawanyika. Ghati, ambaye hakuwahi kunisifu, alipiga magoti akasema, "Mama, wanajua kuogelea!" Tukacheka wote. Mama yake alicheka mpaka akafuta macho, na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyomwona akicheka, na ya mwisho.

Mvua zilipokatika maji yalianza kushuka. Hayakushuka kwa jua peke yake; yalishuka kama chai kwenye kikombe chenye tundu, kila asubuhi alama mpya ya tope ukutani mwa shimo. Mama Ghati hakusubiri. Alikopa punda kwa jirani, akaanza kushuka kijitoni na madumu, yeye na Ghati, wakipanda na maji wakiyamwaga bwawani, wakishuka tena. Nilipofika kuwatembelea niliwakuta kwenye ile njia: punda mbele, Ghati katikati, mama nyuma na ndoo kichwani, wote watatu kichwa chini. Nilimwona akimwaga ndoo, akakaa kuchungulia, maji yakizama kwenye changarawe mbele ya macho yake. "Mwalimu," aliniambia, "yananywewa." Nikamwambia, "Vumilia, Mama Ghati. Chemchemi iko hapahapa chini. Wiki hii au wiki ijayo itapasuka." Akanitazama usoni kuona kama nasema kweli, na nilikuwa nasema kweli, hilo ndilo linalonichoma: kama ningekuwa tapeli angeliona. Akafunga kitenge upya, akashuka tena kijitoni. Aliendelea hivyo mpaka ngozi ya utosi ikamchubuka. Ndege wakubwa wenye shingo za upara walikuwa wamesimama ukingoni wakingoja, wapole kama wazee wa kanisa. Siku ya ritongo ilipofika, bwawani palikuwa na tope, ndege, na sato wachache waliolala ubavu wakipumua.

Mkutano ulifanyika uwanjani kwa mwenyekiti wa ukoo, mzee mmoja aliyekuwa na sauti ndogo ambayo iliwalazimu watu wote wanyamaze. Wanaume walikaa kwenye viti na mawe, Mama Ghati akaitwa akasimama pembeni, utosi kaufunika kwa kanga ili mchubuko usionekane. Walikuwa wametoka kuliona shimo. Hakuna aliyecheka. Mzee Chacha alikuwa akinusa ugoro wake taratibu, mtu asiye na kesi na yeyote. Mwenyekiti akasema, "Mama huyu amejitahidi, tumeona. Lakini tuliomba kitu kinachoonekana, na kinachoonekana ni tope. Sasa nataka kuuliza. Kijana wa ramani yupo?" Nikasimama. "Tueleze wewe uliyesoma. Shimo hili limekauka kwa kosa la ardhi, au la mwenye kulitunza? Kwa sababu kama ni ardhi, tunaweza kumwongezea muda achimbe mahali pengine. Kama ni yeye, basi." Mnaona jinsi alivyoniwekea mlango wazi? Ilitosha kusema: wazee, mahali nilichagua mimi, na huenda nilikosea. Maneno machache, yanatoshea kwenye pumzi moja. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na mfukoni simu ilikuwa ya moto kama kiazi, na nilikuwa na alama nzuri ya Jiografia. Nikasema, "Wazee wangu, shikamooni. Ardhi ina maji. Ramani ya satelaiti imeonyesha, na ramani haidanganyi. Ila shimo halikufika kwenye maji. Waliacha kuchimba mapema." Nilisema waliacha, kana kwamba mimi nilikuwa Ulaya. Mwenyekiti akatikisa kichwa akasema, "Basi ardhi haina kosa." Ikaisha hivyo. Mama Ghati hakunitazama. Alikuwa anatazama ng'ombe wa Chacha waliokuwa wakipita barabarani, kama anawahesabia nafasi.

Nilitaka kuondoka siku ileile, lakini hakukuwa na pikipiki, nikala kwake. Kochi lilelile, vitambaa vilevile, ugali uleule mweusi, na kwa sababu sikustahili, maziwa aliyoniwekea yalikuwa mengi kuliko kawaida. Ghati alikataa kuniletea maji ya kunawa. Alisimama mlangoni kakunja mikono, akasema, "Achimbe mwenyewe, si anajua yalipo?" Mama yake akachukua jagi kwake, akaja akainama mbele yangu, akanimiminia. "Nawa, mwalimu," alisema. "Kesho una safari." Hakuna kingine. Nimewahi kupigwa na vibaka Nyamongo wakanichania shati, nimewahi kuanguka na pikipiki kabla ya mtihani. Hakuna kilichoniuma kama yale maji ya uvuguvugu. Alikuwa ameyapasha moto.

Baadaye ng'ombe wa Chacha walichungwa bondeni, na Mama Ghati akahamia mjini kupanga chumba huko huko Nyamisangura, akauza mbogamboga. Meza yake ilikuwa kwenye njia yangu ya kazini, kwa hiyo nikabadilisha njia. Mimi ninayeongea na kila mbuzi wa Tarime nilizunguka nyuma ya soko, nikiruka mtaro, miaka na miaka, ili nisisikie mtu akisema habari za asubuhi, mwalimu. Na katika miaka yote hiyo niliendelea kuamini kwamba maji yapo. Nisieleweke vibaya, nilizeeka, nilijifunza mengine, hata Wambura mwenyewe alikuja kukiri kwamba hana shemeji. Lakini maji ya Nyarero niliyaacha palepale chini ya kijani, sikuyagusa, sikumuuliza mtu, sikufungua tena ile sehemu kwenye ramani. Yalinifaa. Kama maji yapo, basi ni wao waliochoka. Kama hayapo, basi yule mama alipanda na ndoo kichwani mpaka akachubuka kwa ajili ya maneno yangu. Mtu hukumbatia uvumi si kwa sababu ni mtamu. Wakati mwingine ni kwa sababu akiuachia, utamwangukia mguuni.

Mazishini walimlaza kando ya mumewe, karibu na ile nyumba ya bati bovu, ukoo ukisema mke ni wa kwetu, hawezi kuzikwa mjini. Kwa hiyo alirudishiwa kipande cha ardhi yake, kinachomtosha. Ghati, sasa mama wa watu, alinishika mkono kama anavyomshika kila mgeni, akasema asante kwa kufika, akapita. Kulipokuja chakula waligawa watu kwa sahani, na kwa sababu ya mvi zangu nikawekwa kwa wazee, sahani moja na Mzee Chacha. Amezeeka sana, macho yana ukungu, lakini mkono wake bado unajua nyama ilipo. Tulikula. Kutoka tulipokaa bonde lilionekana lote, shimo likiwa limejifukia lenyewe mpaka kubaki kama bakuli, na ndani yake na pembeni yake yale majani, yamekolea palepale. Nikafanya kile ninachofanya siku zote, nikachangamka. "Mzee wangu," nikasema, "tungeshuka kidogo tu siku ile, kidogo tu, leo hapa tungekuwa tunakula sato." Nilicheka peke yangu. Yeye alimaliza kutafuna, akajifuta vidole kwenye majani, akanyoosha kidole kuelekea bondeni, bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mpita njia.

"Pale palikuwa boma la baba yangu," alisema. "Mimi nimezaliwa pale. Tulilaza ng'ombe pale mpaka nikawa kijana, ndipo tukahamia huku juu. Hata yule marehemu alipoolewa alikuta boma limeshahama. Ndiyo maana hakujua."

"Na wewe ulijua?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nalitaka bonde, mura. Ningesema ili iweje?" Akachukua tonge lingine, akalichovya, akalila lote kwanza. "Majani yanakolea kwa sababu ya mavi ya ng'ombe. Chini ni changarawe. Simu yako iliona majani. Maji hapo chini hapana, hayajawahi kuwepo."